Uzi: Sheria kali dhidi ya wanaonajisi watoto tunayo tangu 2006. Mbona bado tunaahidiwa?

1.
Mtoto akinajisiwa, iwe ni Endebess, Kwanza, Chwele ama Kimilili, hotuba huwa ni ile ile. Mtu anashika maikrofoni, mara nyingi kwenye mazishi ama harambee, anasema: "Tutapeleka mswada. Hawa wahasiwe. Wafungwe maisha. Wanyongwe." Watu wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye, kimya.

Wengi wenu mmenitumia video za aina hiyo mkiuliza: ni kweli Kenya haina sheria ya kutosha? Nimeona nijibu kwa historia, manake asiyejua tulikotoka ataendelea kuuziwa shamba ambalo tayari ni lake. Kama kawaida ya ukurasa huu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama hapa.

2.
Jibu fupi kwa wenye haraka: adhabu kali ipo, na imekuwepo tangu 2006. Tunapovuja ni mahali pawili. Pa kwanza ni mlangoni, pale kesi inapofia kwa wazee, kwa chifu ama kwa kituo cha polisi kabla hakimu hajaiona. Pa pili ni upande wa kutokea, pale mtu amemaliza kifungo na hakuna anayejua ameenda wapi wala ameajiriwa wapi.

Na jambo lingine la kukumbuka mkisoma: karibu kila hatua tuliyopiga ilisukumwa na watu wa kawaida. Wazazi, mawakili, wanahabari, majirani. Wenye maikrofoni walikuja nyuma.

3.
Tuanze nyuma. Kwa miaka mingi baada ya uhuru tuliendelea na Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza. Makosa haya yalikaa kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba kilichoumizwa ni heshima ya jamii, halafu mtoto baadaye. Kosa la kunajisi lilihusu msichana wa chini ya miaka 14. Akishafika 14, hakuwa tena chini ya kinga hiyo. Mvulana hakuwemo kabisa kwenye neno "kunajisi". Yake iliitwa shambulio la aibu, na adhabu yake ilikuwa ndogo zaidi.

Mahakamani kulikuwa na mazoea mengine. Ushahidi wa mwanamke ama msichana katika kesi ya ngono ulichukuliwa kwa shaka, ukatakiwa uungwe mkono na ushahidi mwingine. Sasa jiulize: nani huwa shahidi wa pili wa kitendo cha namna hiyo?

4.
Julai 1991, nchi ilitikisika. Katika shule ya upili ya St. Kizito huko Meru, usiku mmoja, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Waliozaliwa baadaye hawajui jinsi habari hiyo ilivyowakaa wazazi wetu kooni. Kulikuwa na vilio, tume, makala magazetini.

Lakini angalieni tarehe. Kutoka St. Kizito hadi kupata sheria kamili ya makosa ya ngono ni miaka 15. Hasira peke yake haiandiki sheria. Inahitaji mtu wa kuibeba kutoka matangani hadi kwenye karatasi.

5.
Mabadiliko yalianza kidogo kidogo. Sheria ya Watoto ya 2001 ikasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18. Mwaka 2003 Kanuni ya Adhabu ikarekebishwa, umri ukapandishwa hadi 16 na adhabu ya juu ikawa kifungo cha maisha. Mahakama ya Rufaa nayo, katika kesi ya Mukungu, ikasema kule kutilia shaka ushahidi wa wanawake na wasichana peke yao ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Leo hakimu anaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyeumizwa peke yake, ilimradi aandike sababu za kuamini kwamba mtoto anasema kweli.

Hiyo ilikuwa kubwa. Kabla ya hapo, wanaume wengi walitembea huru kwa sababu mhasiriwa alikuwa peke yake na wao, basi.

6.
Halafu 2006. Mbunge mmoja mwanamke, wa kuteuliwa, alileta mswada wa makosa ya ngono. Mashirika ya wanawake na ya watoto, madaktari na mawakili walikuwa nyuma yake. Wakati huo wanawake bungeni hawakufika 20.

Mjadala ulikuwa mchafu. Mbunge mmoja wa kiume alidai kuwa mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa ana maana nyingine. Wabunge wanawake wakainuka wakatoka nje ya ukumbi. Ili mswada upite, vitu vikaondolewa. Kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kikaondoka. Na hili wengi hawalijui: pendekezo la kuwahasi kwa dawa wanaopatikana na hatia lilikuwepo kwenye mazungumzo ya mswada ule, nalo likaachwa. Kwa hiyo ukisikia "tuwahasi" jukwaani leo, jua ni wazo la zamani ambalo Bunge lilishaliona likalipita.

7.
Kuna kitu pia kilichoongezwa ili kuwatuliza wanaume: kifungu cha 38. Kilisema ukimshtaki mtu kwa uwongo, unapata adhabu sawa na ile ambayo yeye angepata. Ukikisikia juu juu, kinaonekana cha haki. Sasa fikiria mama wa Cheptais ambaye kesi ya mtoto wake imeanguka kwa sababu daktari hakufika kortini. Anaambiwa yeye ndiye atakayefungwa. Nani angethubutu kupiga ripoti?

Watetezi walipiga kelele miaka 6. Kifungu cha 38 kikafutwa 2012. Hiyo nayo haikuletwa na mkutano wa hadhara.

8.
Sheria ya Makosa ya Ngono ilianza kazi Julai 2006. Ina nini? Wacha niandike wazi, muihifadhi:

Kunajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini: kifungo cha maisha.
Mtoto wa miaka 12 hadi 15: si chini ya miaka 20.
Mtoto wa miaka 16 hadi 18: si chini ya miaka 15.
Mwalimu ama mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi: si chini ya miaka 10.

Mvulana na msichana, wote wamo. Kwa hiyo anayekuambia "nitaleta sheria ya kuwafunga maisha" ama hajaisoma hii, ama anajua wewe hujaisoma.

9.
Twende kwa kile ambacho hakisemwi jukwaani kabisa: vizuizi baada ya hukumu. Vipo, kwenye kifungu cha 39.

Mahakama inaweza kumtangaza aliyemdhulumu mtoto kuwa mhalifu hatari wa ngono. Ikishafanya hivyo, inaweza kuamuru asimamiwe kwa muda mrefu, hata maisha yake yote baada ya kutoka jela. Amri hiyo inaweza kumkataza kufika mahali fulani, kumkataza aina fulani ya kazi, kumtaka aache pombe na ahudhurie mafunzo ya kurekebisha tabia.

Msajili wa Mahakama Kuu anatakiwa kuweka rejesta ya waliopatikana na hatia. Na mtu wa aina hiyo akiomba kazi ya kulea ama kusimamia watoto, halafu akaificha hukumu yake, hilo ni kosa lingine la kumrudisha kortini.

10.
Soma tena hiyo namba 9. Sehemu nyingi za ulimwengu zimepigania vitu hivyo kwa miaka. Sisi tuliviandika 2006, na kanuni za kuendesha rejesta zikatungwa 2008.

Mimi ni mtu wa Trans-Nzoia. Nimekaa kwenye baraza nyingi, na mara kadhaa kwenye kamati za wazazi. Swali ambalo nimeuliza kila mahali ni hili: mwalimu mpya, mpishi wa shule, dereva wa basi la shule, mlinzi wa bweni, kuna mtu ameangalia kama jina lake liko kwenye rejesta? Jibu ninalopata mara nyingi ni swali lingine: "Rejesta gani?"

Kanuni zinasema mwenye sababu ya msingi anaweza kuomba kuiangalia. Lakini haki ambayo mwenye kuihitaji haijui ni kama dawa iliyofungiwa kabatini.

11.
Sasa turudi mlangoni, pale kesi nyingi hufia. Mwaka 2013 ulitufundisha mawili.

La kwanza ni Meru. Wasichana 11 na shirika lililowapa makao waliishtaki polisi kwa kutochunguza malalamiko yao ya kunajisiwa. Kesi ilisimama kwa niaba ya wengine wengi, ndiyo maana dunia inaijua kama kesi ya wasichana 160. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikasema polisi kukaa tu bila kuchunguza ni kuvunja haki za watoto hao, na kwamba uzembe huo uliwafanya wahalifu waone wanaweza kufanya lolote bila kuguswa. Tangu siku hiyo, OCS hana ruhusa ya kusema "hii ni maneno ya familia".

12.
La pili ni jirani zetu wa Busia. Juni 2013, msichana wa miaka 16, ambaye magazeti yalimwita Liz ili kumficha, alishambuliwa na kundi la vijana akitoka matangani. Akaumizwa vibaya sana. Washukiwa waliokamatwa walipewa adhabu gani? Kufyeka nyasi za kituo cha polisi, kisha wakaachiliwa.

Gazeti lilipoandika, watu wakakataa. Ombi la mtandaoni likavuka sahihi milioni moja. Oktoba 31, waandamanaji wakabeba sahihi hizo hadi ofisi ya Inspekta Jenerali jijini Nairobi. Aprili 2015, watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja.

Angalieni: sheria iliyowafunga mwaka 2015 ndiyo ile ile iliyokuwepo siku walipopewa panga wafyeke. Hakuna mstari hata mmoja ulioongezwa. Kilichobadilika ni kwamba watu walitazama.

13.
Hapa kwetu nyasi huwa na sura nyingine. Huwa ni mbuzi wawili, gunia la mahindi, ama ahadi ya kumlipia mtoto karo. Wazee wanakaa chini ya mti, baba anapewa kitu, mama anaambiwa asiaibishe ukoo. Kutoka mlima Elgon hadi Bungoma mjini hakuna asiyejua kikao kama hicho.

Kwa hiyo shikeni kifungu cha 40. Kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi ama kesi ya kosa la ngono ulikuwa wa Mwanasheria Mkuu. Leo, chini ya Katiba ya 2010, kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hana uwezo huo. Mzee wa mtaa hana. Baba wa mtoto hana. Hata mtoto mwenyewe akishinikizwa aseme amesamehe, kesi si yake kuifuta. Mbuzi wanaopokewa pale wanamlipa mtu mzima, na kidonda kinabaki kwa mtoto.

14.
Shule nazo. Mwaka 2010 TSC ilitoa waraka namba 3 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, wenye masharti ya kuripoti. Kabla ya hapo mazoea yalikuwa mwalimu akishukiwa, anapewa uhamisho. Kijiji kinapumua, kijiji kingine kinapokea mgeni.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao. Jaji akasema TSC na serikali wanabeba jukumu pamoja na mwalimu, na kwamba kuwahamisha walimu wa namna hiyo shule hadi shule hakukubaliki. Wasichana wakapewa fidia, mmoja shilingi milioni 2, mwingine milioni 3.

Kesi ile ilifungua macho: mwajiri anayejua halafu ananyamaza naye anaweza kulipa. Ndiyo maana siku hizi walimu wanaofutwa kwenye sajili ya TSC hutangazwa majina.

15.
Lakini TSC inashika walimu tu. Vipi kuhusu makao ya watoto?

Tazama Bomet. Mwaka 1996, huko Iowa, Marekani, mwanamume mmoja alikiri kosa la shambulio kwa nia ya dhuluma ya kingono. Akapewa kifungo cha nje na akaamriwa ajisajili kama mhalifu wa ngono kwa miaka 10. Mwaka 2008 akafungua makao ya watoto Boito, Bomet. Akapokelewa kama mtu wa Mungu. Watoto walimwita baba.

Wakazi ndio walioanza kunong'ona, halafu kuongea. Mama mmoja mzaliwa wa eneo hilo, anayeishi Pennsylvania, alirudi nyumbani, akakaa na wasichana wale, akabeba waliyomweleza hadi kwa FBI. Mtu huyo alikuwa ameshatoroka Kenya 2017. Februari 2021 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi 8.

16.
Tulia kidogo na tarehe zake. Miaka 10 tangu 1996 ni 2006. Alipofika kufungua makao, muda wake wa kukaa kwenye rejesta ya kwao ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo hata rejesta nzuri ingempita. Kitu kimoja kingemnasa: mtu wa kumuuliza karatasi ya polisi ya kwao, inayoonyesha hukumu zote za zamani, kabla ya kukabidhiwa hata mtoto mmoja.

Novemba 2017 serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Marekani nayo, tangu 2016, ina sheria ya kuweka alama kwenye pasipoti ya aliye kwenye rejesta kwa kosa la mtoto, na ya kuzitahadharisha nchi anazosafiria. Zote ni hatua nzuri. Lakini kwa watoto wa Boito, aliyefanya kazi ya serikali mbili alikuwa mama mmoja mwenye nauli yake.

17.
Kuna wanaoniandikia: "Rejesta iwekwe Facebook, kila mtu aone." Ninaelewa hasira hiyo. Lakini wengine walishajaribu, tujifunze kwao.

Marekani, 1994, mtoto wa miaka 7 aitwaye Megan Kanka aliuawa huko New Jersey na jirani aliyekuwa na hukumu za zamani ambazo mtaa haukuzijua. Wazazi wake walikusanya sahihi, na ndani ya miezi michache jimbo likapitisha sheria ya kuwajulisha majirani. Mwaka 1996 ikawa ya nchi nzima, na leo majina mengi yako kwenye intaneti.

Uingereza, mwaka 2000, baada ya kuuawa kwa Sarah Payne wa miaka 8, gazeti moja lilianza kuchapisha picha na majina. Makundi yakaingia mitaani Portsmouth, familia zikakimbia nyumba zao. Huko Newport, daktari wa watoto alikuta mlango wake umeandikwa matusi, kwa sababu tu jina la Kiingereza la kazi yake linafanana na lile la wahalifu hao.

Mwisho Uingereza ikachagua njia ya kati: mzazi ana haki ya kuwauliza polisi kuhusu mtu fulani anayekutana na mtoto wake, na polisi wakiona kuna hatari, wanamwambia yeye anayehusika. Mpango huo ulienea England na Wales yote kufikia 2011.

18.
Mimi naegemea upande huo wa kati, na sababu zangu ni za hapa nyumbani. Sote tunajua kinachotokea sokoni mtu akielekezewa kidole. Tairi na petroli hufika kabla ya polisi. Na jina likifanana? Huku kwetu wanaoitwa Wafula ama Kiprop ni wangapi?

Halafu kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Utafiti wa kitaifa wa dhuluma dhidi ya watoto umeonyesha kuwa wanaotenda haya mara nyingi ni watu mtoto anaowajua: mpenzi, jamaa, jirani. Ukianika jina la mjomba, umemwanika na mtoto. Kijiji kizima kitajua ni nani aliyeumizwa. Mama akijua hivyo atanyamaza, na tumerudi kwenye mbuzi wawili.

Shule, makao, kanisa, msikiti, timu ya mpira ya watoto: hao ndio wa kulazimishwa kuangalia rejesta. Mzazi apewe haki ya kuuliza na kujibiwa haraka.

19.
Kuhusu vifungo, mmesikia mahakama zikivutana. Kwa ufupi: 2017 Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wa makosa ya ngono wakaona mwanya. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungo vya chini vya lazima katika Sheria ya Makosa ya Ngono navyo vinamfunga hakimu mikono. Vifungo vikaanza kupunguzwa.

Julai 2024 Mahakama ya Juu ikageuza: ikarudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekishusha hadi 15, ikasema kazi ya kubadilisha vifungo hivyo ni ya Bunge. Aprili 2025 ikatengua pia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umekikataa kifungo cha maisha.

Kwa hiyo anayesema "korti zimelegeza sheria" yuko nyuma ya habari.

20.
Na kuna upande ambao lazima niuseme, hata kama utanipa matusi kwenye maoni. Sheria hii hii inamshika kijana wa miaka 18 aliyependana na msichana wa 16. Si chini ya miaka 15 ndani. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wazi kwamba nchi inahitaji mazungumzo kuhusu jambo hilo.

Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika bila kuwapa nafasi wazee wanaowinda watoto wa shule. Pengo la umri linaweza kuandikwa kwenye sheria: vijana wanaokaribiana umri upande wao, mtu mzima na mtoto upande wao. Tusipofanya hivyo, jela zitajaa wavulana, na rejesta itajaa majina yasiyomsaidia mzazi kujua hatari iko wapi.

21.
Sasa Suam yenyewe. Anayeijua barabara ya Kitale hadi Endebess hadi mpakani anajua mto ule si ukuta. Sabaot wa huku na Sabiny wa Bukwo ni ndugu. Watu wanavuka kwenda soko, kwenda harusi, kwenda kumwona nyanya. Mwenye kesi Kitale naye huvuka.

Sheria imefika wapi? Kifungu cha 41 kinasema Mkenya, ama mkazi wa kudumu wa Kenya, akitenda kosa hili nje ya nchi, anashtakiwa hapa kama alilitenda hapa. Sura ya 76 ya sheria zetu inaruhusu kurudishana washukiwa na nchi jirani. Uganda nayo, tangu marekebisho ya 2007, kunajisi mtoto wa chini ya miaka 14 kunaweza kufikia hukumu ya kifo.

Lakini rejesta? Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa makosa ya ngono Mei 2021, wenye rejesta ndani yake. Agosti mwaka huo ukarudishwa bila kutiwa saini. Kwa hiyo yetu inaishia mtoni. Mwalimu wa shule ya kibinafsi, mfanyakazi wa nyumbani, mhubiri: akivuka daraja, anaanza maisha na jina safi, kwenda na kurudi.

22.
Je, kuna lililobadilika katika miaka hii yote? Ndiyo, na tuseme pia mazuri. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulipata kuwa kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, wasichana 32 kwa kila 100 na wavulana 18 kwa kila 100 walisema walipitia dhuluma ya kingono utotoni. Uliporudiwa 2019, ilikuwa karibu 16 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Bado ni watoto wengi mno. Hata hivyo, anayekuambia hakuna kitu kinachosaidia, mwonyeshe hizo namba. Kuongea kulisaidia. Kuripoti kulisaidia.

23.
Kwa hiyo msimu wa kampeni ukifika, mtu akisimama Endebess ama Kimilili aseme "tutaleta sheria kali", msipige makofi kwanza. Muulizeni haya:

Moja, rejesta ya kifungu cha 39 itafikaje kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa, na kwa siku ngapi?
Mbili, utatenga pesa za maafisa wa probesheni wa kuwasimamia wanaotoka jela, ama wataendelea kuwa wachache wasio hata na pikipiki?
Tatu, chifu akikaa kwenye kikao cha kumalizana nyumbani, utamfanya nini?
Nne, utazungumza na wenzako wa ng'ambo ya Suam kuhusu kupeana majina?
Tano, utaunga mkono kipengele cha vijana wanaokaribiana umri?

Akijibu hata mawili vizuri, huyo amefanya kazi ya nyumbani.

24.
Na sisi? Shule ikiajiri, uliza kama wameangalia rejesta, na kama mfanyakazi ameleta ile karatasi ya DCI watu huita gudi kondakti. Mtoto akiumizwa, hospitali ya umma kwanza, ndani ya saa 72, bila kumwosha na bila kufua nguo zake; matibabu hayo sheria inasema ni kwa gharama ya serikali. Halafu polisi, na uondoke na namba ya OB. Simu ya 116 ni ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, zote bure.

Wazee wakikuita chini ya mti, wasomee kifungu cha 40 kisha uende zako kituoni.

Mwenye swali aweke hapa chini. Maoni yenye jina la mtoto ama la familia yoyote nitayafuta.